Bresi Mdomoni: Dawa ya Meno ya Kuchagua na Namna ya Kuitumia

Ukishafungwa bresi, swali la kwanza unaloingia nalo dukani ni dawa gani ya meno itakufaa. Rafu imejaa. Hii inaua bakteria mchana kutwa, ile ina mwarobaini na karafuu, nyingine ina mkaa, nyingine inang'arisha. Jibu fupi ni hili: tafuta kwanza floraidi, halafu ndiyo uangalie kama dawa ina kitu cha kupambana na bakteria. Ukivipata vyote viwili katika tyubu moja, vizuri zaidi. Ukilazimika kuchagua kimoja, chukua floraidi, uyaache maneno mengine yote yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Jibu refu linahitaji uelewe kinachoendelea kuzunguka zile braketi. Huko ndiko meno ya watu wengi wenye bresi yanakoharibikia, tena mapema kuliko mtu anavyodhani.

Kinachotokea chini ya waya

Braketi ni vile vipande vidogo vya chuma au kauri vilivyogandishwa usoni mwa kila jino, na waya hupita katikati yake kuyavuta meno taratibu yakae mahali pake. Kila braketi ina kona, mabawa na upenyo mwembamba chini ya waya. Kabla ya bresi, ulimi, mashavu na mate vilikuwa vikifagia uso wa jino mchana kutwa bila wewe kujua. Sasa njia imezibwa. Uji, ugali, punje ya wali, jani la mchicha, vyote hupata pa kukaa, na ukoga, ule utando laini unaoteleza ukiupitishia ulimi asubuhi, hujijenga palepale ambapo nywele za mswaki hazifiki kwa urahisi.

Ukoga si uchafu wa chakula. Ni makazi ya bakteria walioshikamana wenyewe kwa wenyewe na kujifunika kwa ute wanaoutengeneza kutokana na sukari. Mmoja anayejulikana sana ni Streptococcus mutans. Ukinywa chai ya sukari, bakteria hao hula sukari hiyo na kutoa asidi, na ndani ya dakika chache kiwango cha pH juu ya jino hushuka. Kikifika chini ya takriban 5.5, enameli, yaani lile gamba gumu la nje la jino, huanza kupoteza kalsiamu na fosfeti. Mate hulirekebisha jambo hili yakipewa nafasi ya nusu saa hadi saa nzima. Lakini mtu anayekunywa soda kwa kuonjaonja tangu saa nne hadi saa nane mchana hayapi mate nafasi hiyo hata mara moja.

Dalili ya kwanza ya hasara ni doa jeupe kama chaki kando ya braketi. Watafiti wa miaka ya 1980 walionyesha kwamba madoa haya yanaweza kuonekana ndani ya mwezi mmoja tu tangu bresi zifungwe, ikiwa ukoga umeachwa. Mwezi mmoja. Matibabu yenyewe kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, au zaidi. Siku bresi zinapotolewa, meno yanaweza kuwa yamenyooka sawasawa lakini kila moja lina fremu nyeupe kuzunguka mahali braketi ilipokuwa. Baadhi ya madoa hufifia miezi inayofuata, mengi hubaki. Hakuna dawa ya dukani ya kuyasugua yakatoka, maana hayakai juu ya jino: ni jino lenyewe lililopungukiwa madini.

Hii ndiyo sababu ninasisitiza floraidi kabla ya kitu kingine chochote. Kuua bakteria kunapunguza wanaotengeneza asidi, na hilo ni jema. Floraidi huenda kwenye jino lenyewe: husaidia kalsiamu na fosfeti za kwenye mate zirudi mahali zilipotoka, na madini yanayojengeka upya hustahimili asidi kuliko yale ya awali. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hakuna dawa ya meno ya mwarobaini wala ya mkaa iliyoingia humo.

Kusoma tyubu

Geuza boksi, usome upande wenye maandishi madogo. Unatafuta namba ikifuatwa na herufi ppm, yaani sehemu ngapi za floraidi katika sehemu milioni za dawa. Kwa mtu mwenye bresi aliyefikia umri wa kutema vizuri, tafuta kati ya 1350 na 1500. Dawa nyingi za familia huandikwa 1450. Ikiwa chini ya 1000, kinga yake ni hafifu kwako, na kama haitaji floraidi kabisa, irudishe rafuni hata kama imeandikwa ni ya asili au ya mitishamba. Zipo dawa za mitishamba zenye floraidi na zipo zisizo nayo, kwa hiyo picha ya majani kwenye boksi haikuambii lolote. Angalia pia alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na tarehe ya mwisho wa matumizi, maana floraidi ya dawa iliyokaa muda mrefu juani kwenye kibanda hupungua nguvu.

Sasa viuabakteria vyenyewe. Kwa miaka mingi kilichotamba ni triklosani. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya meno ya Colgate Total yenye kiambato hicho mwaka 1997, na uchambuzi wa Cochrane uliotoka mwaka 2013 ulikuta kwamba dawa za triklosani zenye floraidi zilipunguza ukoga kwa takriban asilimia 22 na kutoka damu kwa fizi kwa asilimia 48, zikilinganishwa na dawa za floraidi peke yake. Hayo ni matokeo mazuri. Upande wa kutoboka kwa meno, tofauti ilikuwa ndogo mno, karibu asilimia 5. Mwaka 2016 mamlaka hiyohiyo ilipiga marufuku triklosani katika sabuni za kunawia, ikisema watengenezaji hawakuthibitisha usalama wake kwa matumizi ya kila siku wala kwamba inashinda sabuni ya kawaida. Dawa ya meno haikuguswa na marufuku hiyo, lakini mwaka 2019 Colgate Total ya Marekani ilikuja na mchanganyiko mpya usio na triklosani.

Kilichochukua nafasi yake ni stanasi floraidi, yaani floraidi iliyoungana na madini ya bati. Si kitu kipya: Crest ilianza nayo katikati ya miaka ya 1950. Ina faida ya aina mbili, floraidi inalinda enameli na bati inawadhoofisha bakteria wa ukoga na kutuliza fizi. Mimi ningeichagua hii kwa mtu mwenye bresi ambaye fizi zake zinavimba na kutoka damu mara kwa mara. Kasoro yake ni kwamba inaweza kuacha rangi ya kahawia kwenye meno ya watu wengine, hasa wanywaji wa chai ya rangi na kahawa. Rangi hiyo iko juu juu, na daktari huiondoa kwa kusafisha.

Utakutana pia na zinki, ambayo hupunguza harufu na kuwabana bakteria kiasi. Utakutana na mafuta ya karafuu. Eujenoli iliyomo humo inatuliza maumivu, na ndiyo maana bibi zetu wa Unguja na Pemba waliweka punje ya karafuu kwenye jino linalouma. Lakini kutuliza jino si kulilinda. Mwarobaini nao una uwezo fulani wa kuzuia bakteria. Kama unaupenda, tafuta dawa iliyouchanganya na floraidi.

Dawa ya kung'arisha meno iache hadi bresi zitoke. Zile zinazong'arisha kwa kukwaruza hukwaruza enameli, na zile zinazopausha haziwezi kufika chini ya braketi, hivyo unaweza kumaliza matibabu ukiwa na meno ya rangi mbili. Mkaa uliosagwa ni mbaya zaidi: hukwaruza, mara nyingi hauna floraidi, na chembe zake nyeusi hujificha kuzunguka gundi na raba. Ndimu na chumvi usithubutu. Maji ya ndimu yana pH ya karibu 2, na kwa kuyapaka unafanya kwa mkono wako kazi ileile ambayo bakteria wangeifanya.

Mswaki hadi chini ya waya

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kwa muda, kwa sababu dawa bora kabisa ikipakwa juu ya ukoga mnene haifiki kokote. Ule ute unaowafunika bakteria huizuia dawa, wa juu wakafa na wa chini wakabaki salama. Ukoga lazima uvunjwe kwa mkono. Dawa huja kumalizia.

Simama mbele ya kioo penye mwanga. Umeme ukikatika, tumia tochi ya simu. Kupiga mswaki gizani ukiwa na bresi ni kujidanganya. Vua raba za kuvutia taya kama unazo. Kisha sukutua kwa maji matupu, kwa nguvu, ukiyapitisha maji katikati ya meno mara kadhaa. Utashangaa ni chakula kiasi gani kinatoka kabla hata hujagusa mswaki.

Mswaki uwe wa nywele laini na kichwa kidogo. Ipo miswaki ya watu wenye bresi ambayo nywele zake zimekatwa kama herufi V ili waya ukae katikati. Inasaidia, ingawa mswaki wa kawaida mlaini unatosha ukijua kuuelekeza. Weka dawa kiasi cha punje ya njegere, haihitajiki zaidi. Povu jingi hukufanya udhani umemaliza.

Kila jino lenye bresi lina sehemu tatu usoni, na kila moja inataka mkao wake. Anza na ukingo wa fizi: laza mswaki kwa mshazari, nywele zikielekea kwenye fizi, utetemeshe taratibu kwa miduara midogo. Watu wengi huruka hapa kwa sababu panauma kidogo au panatoka damu. Halafu elekeza nywele kutoka juu zishuke nyuma ya waya, zisugue sehemu ya juu ya braketi. Kisha geuza mkono, uelekeze nywele kutoka chini kwenda juu, zisugue upande wa chini wa braketi. Nenda jino kwa jino, usiburute mswaki kutoka shavu hadi shavu. Ukimaliza nje, ingia ndani upande wa ulimi, kisha sehemu ya kutafunia, kisha ulimi wenyewe.

Bado hujamaliza. Mahali pabaya kuliko pote ni kati ya braketi na braketi, chini ya waya, na mswaki haufiki hapo. Tumia brashi ndogo ya kupenyeza katikati ya meno, ile inayofanana na brashi ya kusafishia chupa ya mtoto ila ni nyembamba kama njiti. Ipenyeze chini ya waya kutoka juu, isugue pande za braketi zote mbili, kisha ipenyeze tena kutoka chini. Huuzwa maduka ya dawa makubwa kwa saizi tofauti. Chukua inayoingia bila kulazimishwa, maana ukiilazimisha unaweza kupinda waya. Moja hutumika siku kadhaa ukiiosha vizuri. Kama fedha ni za kununua kitu kimoja cha ziada, nunua hii, usinunue dawa ya kusukutua.

Uzi wa meno ni kazi zaidi kwa sababu waya umefunga njia ya juu. Zipo sindano za plastiki za kuupitishia chini ya waya, na zipo nyuzi zenye ncha ngumu zinazojipenyeza zenyewe. Fanya mara moja kwa siku, usiku, bila haraka.

Zoezi lote litachukua dakika 4 au 5 mwanzoni. Ukizoea litapungua, lakini likishuka chini ya dakika 2 kuna mahali unaparuka. Ili ujue wapi, muulize daktari vidonge vya rangi: unavitafuna, unasukutua, na ukoga uliobaki unajionyesha kwa wekundu au ubluu. Mtoto anayebisha kwamba amepiga mswaki vizuri hukubali mara moja akijiona kwenye kioo.

Ukimaliza, tema povu na usisukutue kwa maji. Wengi wetu tumelelewa kusukutua mara tatu hadi mdomo uwe mtupu, na hivyo tumekuwa tukiitema floraidi yote tuliyoinunua. Iache ikae. Usile wala kunywa kitu kwa nusu saa, au ulale moja kwa moja. Mswaki wa usiku ndio usiopaswa kukosekana kwa hali yoyote, kwa kuwa ukilala mate hupungua na jino hubaki bila mlinzi. Asubuhi piga mswaki baada ya chai. Ukiwa umekunywa kitu kikali kama juisi ya ukwaju au ya machungwa, sukutua kwa maji kwanza na usubiri nusu saa, kwa sababu enameli iliyotoka kuguswa na asidi hulika kwa urahisi.

Mswaki wa mti ni jambo la kuzungumza kwa heshima. Mti wenyewe, Salvadora persica, una viambato vinavyozuia bakteria, na Shirika la Afya Duniani liliwahi kuhimiza matumizi yake mahali ulikozoeleka. Kwa meno yasiyo na bresi nina imani nao. Kwa mwenye bresi, kijiti hakiwezi kuingia chini ya waya, na ukikibana kinaweza kung'oa braketi. Anayeutumia kwa ajili ya sunna aendelee kwa wepesi upande wa ndani na kwenye sehemu ya kutafunia, kisha mswaki wa nywele na dawa yenye floraidi ufanye kazi ya mbele. Mwezi wa Ramadhani, wakati wengi hujizuia kutumia dawa ya meno mchana, mswaki kamili upigwe baada ya daku na tena usiku baada ya kula kwisha. Kumbuka tende: ni tamu, inanata, na hujibandika kwenye braketi. Ifuatishe maji.

Dawa za kusukutua

Kuna mbili zinazochanganywa na watu, na kuzichanganya kuna madhara. Ya kwanza ni ya floraidi, ya kila siku, yenye sodiamu floraidi asilimia 0.05. Hii inamfaa mwenye bresi, lakini itumie wakati mwingine mbali na mswaki, kwa mfano ukirudi shuleni au kazini. Ukisukutua nayo mara baada ya mswaki unaiondoa floraidi nyingi zaidi ya dawa ya meno na kuweka kidogo.

Ya pili ni kloheksidini, ya asilimia 0.2 au 0.12. Hii ndiyo yenye nguvu hasa ya kuua bakteria, na hutolewa fizi zinapovimba vibaya. Ni ya muda: wiki mbili hivi, kwa maelekezo ya daktari. Ikizidi hugeuza meno na ulimi kuwa vya kahawia na kuharibu ladha ya chakula. Tena ipishe na dawa ya meno kwa angalau nusu saa, kwani sabuni inayotoa povu kwenye dawa nyingi za meno huidhoofisha. Mtu anayesukutua kloheksidini mara tu baada ya mswaki anapoteza fedha zake.

Kwa aliye kwenye hatari kubwa, ambaye madoa meupe yameanza, daktari anaweza kupaka vanishi ya floraidi, yenye ppm 22,600, palepale kwenye kiti. Anaweza pia kuandika dawa ya meno ya ppm 5000 kwa watu wazima. Hizi si za kujinunulia kwa kukisia. Ulizia siku ya kukaza waya.

Kwa msomaji wa Arusha, Manyara, Nakuru na Naivasha

Najua unachofikiri. Ukanda wa Bonde la Ufa una floraidi nyingi ardhini na majini. Umeona meno ya kahawia kwa ndugu na majirani, na sasa unaambiwa upake floraidi kwa makusudi. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo tuipigie hesabu.

Meno hubadilika rangi kwa floraidi wakati yanapotengenezwa ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi karibu miaka 8, ukiacha magego ya mwisho. Kijana wa miaka 13 anayefungwa bresi ana enameli iliyokwisha kukomaa, na dawa ya meno haiwezi kuigeuza kahawia. Gramu moja ya dawa yenye ppm 1450 ina miligramu 1.45 za floraidi, na nyingi yake unaitema. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania ililazimika kuruhusu kwa muda hadi miligramu 8 kwa lita, kwa sababu vyanzo vyenye floraidi ndogo vilikuwa haba vijijini. Anayekunywa lita mbili za maji ya namna hiyo anameza miligramu 16 kwa siku. Tatizo liko kwenye ndoo, na kwenye magadi ya kuivishia maharage, ambayo nayo mengine hubeba floraidi. Shughulikia maji ya kunywa ya nyumbani, hasa kwa wadogo, na uendelee na mswaki wako.

Mtoto mdogo ni habari nyingine. Aliye chini ya miaka 3 apakiwe dawa kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha njegere, chini ya macho ya mkubwa. Na wewe uliye na meno ya kahawia unayetaka bresi, mwambie daktari mapema: gundi hushika kwa shida zaidi kwenye enameli ya namna hiyo, na kuna namna ya kuiandaa.

Chakula, shule ya bweni, na vidonda

Orodha ya kuepuka unaijua nusu. Mahindi ya kuchoma yapukuchue, usiyagugune kwenye gunzi. Muwa acha kabisa: unang'oa braketi na unauogesha mdomo kwa sukari kwa wakati mmoja. Bisi, kashata, korosho ngumu, barafu, mfupa wa nyama choma, vyote vinavunja. Ubuyu wa rangi ndio unaonitia wasiwasi zaidi kwa vijana wa pwani, kwa kuwa umekusanya sukari, uchachu na kumung'unywa muda mrefu. Ukishindwa kuuacha, ule mara moja pamoja na mlo kisha sukutua, usikae nao mfukoni siku nzima. Ni hivyohivyo kwa soda na chai tamu. Mara ngapi unakunywa kuna uzito kuliko kiasi unachokunywa.

Mzazi unayempeleka mtoto bweni, mfungashie miswaki miwili, dawa ya ppm 1450, brashi ndogo za katikati, nta ya kufunika braketi inayochoma, kioo kidogo, na chupa ya maji yake ya kusukutulia, maana foleni ya bombani asubuhi haimpi mtu dakika 5. Akikosa nafasi mchana asukutue tu kwa nguvu baada ya chakula, ila usiku mswaki usikosekane.

Fizi zikitoka damu usiache kuzisugua. Damu hutokana na ukoga uliokaa, na ukiendelea kusafisha kwa upole hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, nenda ukaonwe. Vidonda vya mashavuni wiki za mwanzo hutulizwa kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, na nta juu ya braketi husika. Mwenye vidonda visivyoisha ajaribu dawa ya meno isiyo na sodiamu lauri salfeti, ile sabuni ya povu, kwani wengine hupata nafuu. Waya ukichomoka usiukate kwa mkasi wa nyumbani. Piga simu kliniki.

Na kama bresi ulizonazo zilibandikwa saluni kwa ajili ya urembo, haya yote hayatakuokoa. Gundi isiyo ya meno, waya usiojulikana ni wa madini gani, na mtu asiye daktari anayevuta mizizi ya meno yako bila picha ya eksirei, hiyo ni njia ya kupoteza meno mazima. Zikatolewe na daktari wa meno, wiki hii.

Bresi zikishatoka

Utapewa kishikizo cha kuvaa ili meno yasirudi yalikotoka. Nacho hubeba ukoga uleule. Kisugue kila siku kwa mswaki mlaini na sabuni kidogo ya maji badala ya dawa ya meno, ambayo hukwaruza plastiki na kuacha michirizi ya kujifichia bakteria. Tumia maji ya baridi. Ukikitia kwenye maji ya moto kitapinda na hakitakuingia tena. Ukikivua kula, kiweke ndani ya kasha lake, kwa kuwa kilichofungwa kwenye karatasi ya shashi huishia kutupwa pamoja na mabaki ya chakula, na kutengeneza kipya ni gharama.